Mate Yalikuwa Mapenzi

Mwezi uliopita mamia ya watu walinishukuru kwa jambo ambalo sikulifanya.

Wa kwanza kunishukuru alikuwa mwanamke niliyewahi kumtemea mate usoni.

Tulia, nitaeleza yote. Nimeomba kabla ya kuandika, na naandika bila kujipaka rangi.

Naitwa Lorraine. Nimezaliwa Hanley, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo huko Uingereza, nimekulia Hanley, na nilipokuwa msichana nilifanya kazi kiwandani, kubandika maua kwenye sahani. Siku za wiki maua. Jumamosi pank, muziki ule wa kelele.

Najua mtasema, bibi huyu wa kanisani naye?

Naam, huyu huyu. Nywele zangu nilizisimamisha kwa sabuni ya kipande mpaka zikawa miiba ya nungunungu. Nilivaa mfuko wa taka niliotoboa matundu ya mikono, nikaubana kwa pini za nepi za mdogo wangu. Mama akiniona natoka alikuwa ananiambia, "Ukikutana na gari la taka, jifiche. Wasije wakakubeba."

Bendi tuliyoishabikia iliitwa Kasoro. Kwetu hakuna aliyeuliza maana yake. Sahani ikitoka tanurini na doa, au ufa mwembamba kama unywele, haipelekwi dukani. Inauzwa kwa bei ya kutupa, na ndizo sahani tulizolia chakula mtaa mzima. Vijana wale wanne walikuwa wamefukuzwa kila mahali, wakaona jina linawafaa.

Mwimbaji alikuwa Dawn. Mwembamba, rika langu, sauti kama mlango wa bati unaofunguliwa kwa teke. Nilimpenda kupita kiasi.

Sasa, mate.

Siku hizo bendi ukiipenda, unaitemea. Usiniulize nani alianzisha. Bendi usiyoipenda uliipa mgongo ukaenda kununua bia. Unayoipenda, unasogea mbele, unakusanya, unaachia. Mwimbaji akishuka jukwaani mkavu, ujue hana mashabiki.

Mate yalikuwa mapenzi. Hakuna aliyetufundisha vingine, na sisi hatukuuliza.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa. Nikaolewa na Keith, nikaokoka, nikasahau. Au nilidhani nimesahau. Keith alipofariki nyumba ikawa kubwa ghafla, hata sauti ya birika ilikuwa na mwangwi.

Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni pale maktaba. Shuleni nilitoka nikisoma kama mtu anayevuka barafu, mguu huu, ngoja, mguu huu. Nilitaka niweze kusoma Zaburi mbele za watu bila kutetemeka. Mungu akanijalia. Nilipomaliza kozi ya kusoma na kuandika, nikaingia ya kompyuta.

Jioni moja mwalimu alisema, "Andikeni kitu mlichokipenda ujanani, tukitafute."

Mwenzangu wa kulia aliandika njiwa. Wa kushoto akaandika pikipiki. Mimi, kwa kidole kimoja, nikaandika: Kasoro, Hanley.

Ikatokea video.

Nusura nianguke kwenye kiti. Kumbe kulikuwa na kijana wa chuo cha sanaa aliyekuwa akija na kamera ya mkono. Alipokufa, mkewe alikuta filamu darini, akazitia mtandaoni. Na ndani yake tulikuwamo sisi. Klabu ya Tanuri, ile iliyokuwa chini ya baa, mwaka sabini na nane. Kuta zinachuruzika jasho. Watu wanaruka wima kama mahindi kwenye kikaango, maana kuchezesha viuno kulikuwa haramu kwetu, ni kuruka tu.

Nilipofika nyumbani nikaifungua tena. Nikaiangalia mpaka chai ikaganda utando. Nikamwambia Mungu, sala ya jioni naja, wimbo huu tu. Wimbo ukafuatiwa na mwingine.

Wiki ile nilizipata nyingine. Za pank, na za lile wimbi jipya lililokuja nyuma yake, wale wavulana wenye nywele za kufunika jicho moja, vinanda vya umeme, na nyuso za watu waliotoka kuzika. Niliwakumbuka wote. Mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu peke yake. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili huu uliwahi kuwa mwepesi.

Lakini ile ya Kasoro ndiyo niliyoirudia. Kwa sababu ya kinachotokea karibu na mwisho.

Dawn anaimba. Uso wote unang'aa, na si jasho. Mara anafumba jicho. Anajifuta kwa mkono, mkono wenyewe umelowa. Anaacha kuimba. Wapiga gitaa wanaendelea, hawajui la kufanya. Anageuka kuondoka.

Hapo msichana mmoja anapanda jukwaani kutoka mbele. Tunamwona mgongo tu. Koti kubwa la kiume, nywele zimekatwa karibu na kichwa. Anavuta mkono wa koti ukafunika kiganja, kisha anamfuta Dawn uso. Taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto aliyetoka kula. Paji, macho, kidevu. Watu wanamzomea. Anamwambia Dawn kitu sikioni, anashuka.

Na Dawn anarudi kwenye maiki, anaimba wimbo wa mwisho kwa namna ambayo mpaka leo nywele zinanisimama bila sabuni.

Pembeni kushoto, kwenye video hiyo hiyo, kuna mwingine. Nywele za miiba, mfuko wa taka. Mashavu yamevimba, anakusanya.

Huyo ndiye mimi.

Chini ya video watu walikuwa wanaandika. Mmoja aliuliza, "Kuna mtu hapa aliyekuwepo siku ile?" Sikuwahi kuandika kitu mtandaoni. Nikatafuta herufi moja moja, nikaandika: *Mimi. Mungu akubariki.* Nikabonyeza. Nikaenda kulala nimejaa furaha kama mtoto wa sikukuu.

Asubuhi nimekaa na chapati zangu za shayiri na jibini, nafungua kompyuta, nakuta mioyo myekundu imejaa ukurasa.

Nilikuwa nimebonyeza mahali pasipo pake. Jibu langu halikukaa chini ya swali lile. Lilikaa chini ya swali jingine, lililosema hivi:

"Mimi ndiye Dawn wa Kasoro. Yule msichana aliyenifuta uso ni nani? Nimemtafuta maisha yangu yote."

Na chini yake, pamoja na jina langu: *Mimi. Mungu akubariki.*

Dawn alikuwa ameshajibu. "Lorraine? Ni wewe kweli? Nimekaa jikoni nalia kama mjinga. Siku ile nilikuwa nimeamua kuacha. Nilikuwa naondoka nisirudi. Yote niliyoimba baada ya pale, miaka yote ile, hata watoto niliowafundisha kuimba shuleni, yalitoka kwenye mkono wa koti lako."

Ilikuwa rahisi kusahihisha. Maneno matatu tu: Samahani, si mimi.

Nikapiga magoti pale pale, nikamwomba Mungu anipe maneno. Akanipa. Sikuyaandika.

Sitajitetea. Tangu Keith aondoke, hakuna mtu aliyekuwa amenishukuru kwa lolote zaidi ya kufungua mlango. Na hapa watu nisiowajua, wengine wa nchi za mbali, wananiita malaika. Nikasema moyoni, acha niuonje mpaka jioni. Jioni nikasema mpaka kesho.

Kosa la kidole lilikuwa kosa. Kunyamaza ndiko kulikuwa dhambi. Nilijua tofauti.

Baada ya siku chache Dawn akaniomba namba, akanipigia simu. Sauti imekuwa nzito, lakini mlango wa bati bado ulikuwamo.

"Sikiliza, kipenzi," akasema. "Wazee wenzangu wanataka Kasoro ipige mara moja ya mwisho. Mji wa jirani, Leek, kwenye klabu ya wafanyakazi. Jumapili alasiri, maana sote sasa tuna magoti mabovu."

"Vizuri sana."

"Si vizuri. Nimewakatalia mara mbili. Nina miaka sijasimama mbele za watu. Nikiwaona tu wamesogea mbele, nafumba macho, nasikia yale mate. Hata wawe wamekaa wanakunywa chai."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Lakini wewe ukisimama mbele pale, na koti lako, nitaimba," akasema. "Njoo, Lorraine. Nisaidie mara ya pili."

Mara ya pili. Nikasema ndiyo.

Halafu nikafanya jambo ambalo bado linanichoma nikilikumbuka. Nilienda duka la mitumba nikatafuta koti kubwa la kiume. La kijani iliyoiva, kama lile la kwenye video. Nikalijaribu mbele ya kioo, nikavuta mkono ukafunika kiganja. Nikafanya mazoezi.

Alhamisi nikaenda kwenye kikundi chetu cha maombi. Kiongozi wetu ni Hilary. Alihamia kanisani kwetu baada ya kustaafu. Amenizidi umri kidogo, mgongo umenyooka kama rula, na ukiimba wimbo kwa kujivuta anakuangalia mpaka unakaza. Namheshimu, na kusema kweli namwogopa.

Nikasema, "Naomba tumwombee mtu mmoja. Amesema jambo lisilo kweli, na limekua."

Hilary akanitazama juu ya miwani. "Huyo mtu anajua kuandika?"

"Anajifunza."

"Basi na aandike. Tuombe."

Aliomba kwa kifupi sana.

Tukiwa tunaosha vikombe nikamwambia Jumapili nahitaji kufika Leek na sina usafiri wa uhakika.

"Kuna nini Leek?"

"Muziki wa zamani."

"Muziki gani?"

"Wa... kelele."

Akakausha kikombe, akakiweka kabatini. "Nitakupeleka," akasema.

Jumapili akaja na kigari chake, chupa ya chai imesimama kati ya viti. Nikaingia na koti mapajani. Tulikwenda kimya mpaka karibu na nusu ya safari.

"Hilo koti ni jipya kwako," akasema.

"Nimelinunua juzi."

Akalitupia jicho, akarudisha macho barabarani. "Vifungo si vyenyewe."

Nilidhani anasema kuhusu mitumba.

Klabu ilikuwa imejaa. Vichwa vya mvi, vipara, mashati yenye pini. Mzee mmoja alikuwa amepaka nywele rangi ya waridi, au kile kilichobaki cha nywele. Kijana mlangoni akanipeleka nyuma, kwenye stoo ya kreti za bia, ambako Dawn alikuwa amekaa. Hilary akabaki kwenye ujia na mkoba wake.

Dawn akasimama. Akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kushika barafu.

"Naona umekuja nalo," akasema, akashika mkono wa koti. Akaupitisha shavuni mwake. Haki ya Mungu nilitamani sakafu ipasuke.

"Hebu niambie," akasema. "Sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu. Unakumbuka uliniambia nini sikioni?"

Nikazitazama kreti za bia.

"Sema tu. Nataka kulisikia kabla sijatoka."

Ningeweza kusema nimesahau. Watu wa umri wangu tunaruhusiwa kusahau. Neno lilikuwa kwenye ulimi, laini, tayari.

Nikaliangalia shavu lake kwenye mkono wa koti nililolinunua juzi.

"Sijui uliambiwa nini," nikasema. "Si mimi, Dawn. Mimi ni yule wa pembeni, mwenye mfuko wa taka. Mimi nilikuwa nakutemea."

Akaachia koti.

Nikamweleza yote, kidole, swali, kunyamaza, duka la mitumba. Nilisikia sauti yangu ikizidi kuwa ndogo.

"Ulinichukia?" akauliza.

"Nilikupenda. Nilikuwa na picha yako kitandani. Ndivyo tulivyopenda."

"Hilo nalijua," Dawn akasema. "Ndilo liliniumiza. Mtu anayekuchukia unajua pa kumweka. Ninyi mlikuwa mnanipenda, na mimi sioni mbele."

Akakaa kwenye kreti. Huko nje walikuwa wameanza kupiga meza, wanamwita.

"Waambie sitoki," akasema. "Hayupo. Kumbe hata leo hayupo."

Nikasimama kama gogo. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ilikuwa imeua wimbo. Nikaomba kimoyomoyo, Bwana, nipige mimi, usimpige yeye.

Mlango ukafunguliwa. Hilary akaingia, mkoba kwenye kiwiko.

"Samahani," akasema. "Mlango huu mwembamba."

Dawn hakuinua kichwa. "Mama, hapa si mahali pa wageni."

Hilary akamwendea. Akainama kwa shida, goti likalia. Akamwambia kitu sikioni, lakini Hilary hana sauti ya kunong'ona, nikasikia vizuri.

"Usilie. Nimelipa kiingilio."

Dawn akainua uso polepole sana.

Kisha akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Akamshika Hilary mashavu yote mawili. Hilary akavumilia, kama paka anayeogeshwa.

"Ni wewe."

"Ndiyo, ni mimi. Koti lilikuwa la baba. Vifungo vya shaba."

Nikageukia ukuta. Mwezi mzima nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtu, na mwenye kiti alikuwa akiniombea kila Alhamisi.

"Ulijua," nikamwambia Hilary.

"Mjukuu alinionyesha video. Nikaona na jina lako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaelekea kusema mwenyewe. Unakwenda polepole, lakini unakwenda."

"Lakini ni wewe uliyefanya jema lile. Miaka yote hukumwambia mtu."

Hapo uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mgongo ule uliinama.

"Jema gani, Lorraine?" akasema. Akamgeukia Dawn. "Nilikuwa mbele kabisa. Nilikutemea nyimbo zote. Nilikuwa hodari, nilikuwa nalenga. Tone la mwisho lilikupata jichoni, nikaona jicho linavyofumba. Nikapanda kufuta la kwangu. Ya wengine yalifutika humo humo. Ndiyo maana sikujitokeza. Ningekuja kupokea shukrani ya nini?"

Nje meza zilikuwa zinapigwa.

Dawn akamtazama muda mrefu. "Ulikuwa wewe? La jichoni?"

"La jichoni."

"Liliniwasha wiki nzima, mshenzi wewe."

"Najua. Nisamehe."

Dawn akavuta kamasi, akasimama, akanyoosha shati. "Utasimama mbele?"

"Nina goti. Nipeni kiti."

Wakatoka. Nikabaki na kreti za bia na koti lenye vifungo visivyo vyenyewe.

Niliposikia gitaa la kwanza nikatoka nikasimama nyuma kabisa, karibu na choo. Dawn aliimba macho wazi. Hilary amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, hatikisiki, ila mguu mmoja. Wazee wakaanza kuruka wima, mmoja baada ya mwingine, wakishikana mabega wasianguke. Mimi sikuruka. Sikuona kama nina haki, lakini machozi hayakuomba ruhusa.

Baadaye Dawn alinipita mlangoni, amelowa jasho, jasho peke yake.

Nikasema, "Nisamehe."

Akatafakari. "Leo sina," akasema. "Pumzi yote nimeimalizia kule. Niulize siku nyingine." Akanigusa bega, akaenda zake.

Garini Hilary alinipa chai kwenye kifuniko cha chupa. "Uandike," akasema. Basi.

Nimeandika. Kwanza chini ya video, mahali panapostahili, nikaangalia mara mbili kabla ya kubonyeza. Na sasa hapa, kwa urefu, ili asiwepo wa kusema hakuona.

Mioyo myekundu ikakoma kuja. Mtu akaandika, "Bibi mwongo, na kanisa lako." Nikaacha likae. Ni kweli.

Kisha mwingine akaandika, "Hata mimi nilitema usiku ule." Mwingine, "Na mimi, nilikuwa karibu na spika." Wakaja wengi, na mimi, na mimi, mpaka nikachoka kusoma. Karibu klabu nzima ilikiri kwa alasiri moja, na kila mmoja alijisikia nafuu kuona yuko kwenye kundi.

Dawn bado sijamuuliza tena. Natafuta nauli ya ujasiri. Nitakwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwake, si kwa simu, na sitavaa koti.

Ndugu zangu, nililojifunza ni hili tu. Kutema tulitema pamoja. Kufuta, mtu hupanda peke yake.